Vya Kuvaliwa

Mwaka jana mhariri mmoja rafiki yangu alinipa makala nitafsiri. Ilihusu maabara ya Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, inayotengeneza vifaa vya afya vya kuvaliwa. Kazi ya siku mbili, nikajiambia. Nikakwama kwenye neno hilohilo la kuvaa.

Sisi tunavaa nguo, viatu, miwani, pete. Saa nayo tunaivaa, kwa hiyo ile inayohesabu hatua haikunisumbua. Lakini kifaa kilichozungumzwa ni kipande laini, chembamba, kinachogandishwa kwenye ngozi ya kichanga. Kichanga anavaa? Nikajaribu "huvalishwa". Likanikataa pia, maana muda wote nilikuwa naona kifua cha binti yangu.

Alizaliwa 2016, wiki ya 31, kilo 1.4. Mtoto njiti. Wakamweka kwenye mashine ya joto, ile ambayo mama mkwe aliiita chupa mpaka siku tunatoka. Nyaya tatu kifuani, moja mguuni, mpira wa kulishia puani. Siku ya nne niliomba nimshike.

"Subiri kwanza mama, nyaya zitachomoka," sista akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watoto wengine kumi na mmoja wa kuangalia.

Nikasubiri siku tisa. Katika siku hizo nilijifunza kusoma namba za kwenye skrini, na mashine ikilia nilitazama skrini kwanza, ndipo nimtazame mtoto. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Siku moja walipobadilisha plasta, ngozi ilitoka nayo, kidogo tu, kama punje ya mchele. Ngozi ya njiti haijakomaa, haina ubishi na gundi.

Sasa turudi maabara. Mkuu wake ni John Rogers. Mwaka 2011, akiwa bado Chuo Kikuu cha Illinois, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science kazi yao ya elektroniki za kubandika kwenye ngozi, kama zile tatuu za watoto zinazobandikwa kwa maji. Silikoni huvunjika kama kioo, lakini ukiifanya nyembamba mno inapinda, na njia za umeme zikichorwa kwa mapindo ya nyoka, zinavutika pamoja na ngozi. Mwaka 2019, wakiwa Northwestern na madaktari wa ngozi na wa watoto pembeni yao, wakaonyesha vihisi viwili vya kuwawekea njiti. Cha kifuani hupokea umeme wa moyo. Cha mguuni humulika ngozi kwa mwanga kupima oksijeni ya damu.

Hapa niliacha kompyuta nikaenda kunywa maji. Kwa kuwa vihisi hivyo viwili vinakwenda kwa saa moja, inajulikana pigo la moyo limetumia muda gani kusafiri kutoka kifuani hadi mguuni, na kutokana na muda huo hukadiriwa shinikizo la damu. Betri hakuna. Nguvu inatoka kwenye antena iliyolazwa chini ya godoro. Waya hakuna hata mmoja, makusudi kabisa, ili mama ambebe mwanawe.

Nisimsifie mhandisi peke yake, lakini. Kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, kulianza kutumika Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Na mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Waliobebwa mapema bila kungoja watulie, walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Wa utaratibu wa kawaida, asilimia 15.7. Kilo 1.4 imo humo. Utaratibu wa kawaida ndio ule wa kwetu, wa subiri kwanza mama.

Najiuliza sista yule angefanya nini na vihisi vya Chicago. Kengele kumi na mbili bila nyaya bado zinataka mtu wa kuzisikia, na antena chini ya godoro inataka umeme usiokatika. Maabara haijirudufishi kuwa wauguzi. Ila ile sentensi yake asingekuwa nayo. Angetafuta sababu nyingine, na mimi pengine ningebisha.

Niliandika "vya kubandikwa". Mhariri akarudisha: wasomaji wamezoea "vya kuvaliwa". Tukabishana WhatsApp jioni nzima. Kwenye kichwa cha habari akaweka lake, kwenye aya ya watoto akaniachia langu.

Binti yangu alisoma makala begani kwangu, akauliza kama na yeye aliwekewa hivyo. Nikamwambia hapana, wewe ulifungwa nyaya. Akafunua fulana kutazama kile kidoa chake, akacheka sana. Alitaka kujua kama tulikuwa tunamchaji.