Sonara na Rafiki Yake Aliyeruka

Mtu afikaye mji wa Paris, katika nchi ya Ufaransa, na asimame kidogo mbele ya nyumba nambari 13, katika njia iitwayo Rue de la Paix. Hapo ndipo jamaa ya Cartier, masonara tangu mwaka 1847, walipohamishia duka lao mwaka 1899. Kazi ile aliianza babu, ikamfikia mwanawe, kisha wajukuu watatu.

Louis, mmoja wa wajukuu hao, alikuwa na rafiki Mbrazili, Bwana Alberto Santos-Dumont, ambaye mwaka 1901 aliuzunguka mnara wa Eiffel kwa puto lenye injini. Lakini saa yake ilikaa mfukoni. Na arukaye akiondoa mkono penye usukani ili aitoe, yumo hatarini. Louis hakulipuuza neno hilo. Mwaka 1904 alimtengenezea saa ya pembe nne, ya kufungwa mkononi kwa ukanda wa ngozi, ingawa siku zile saa ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwaka 1911 saa za namna hiyo zikaanza kuuzwa dukani.

Basi, msomaji, uwapo juu ya baiskeli ukaitupia saa yako jicho bila kuuachia usukani, umkumbuke sonara aliyesikiliza shida ya rafiki yake.