Mshipa wa Kigae

Baba ameendesha lori miaka 22, kwa hivyo alipoambiwa anahitaji baipasi, alicheka. "Hiyo naijua. Barabara ikiziba, unazunguka."

Kumbe ndivyo ilivyo. Mishipa mitatu inayolisha moyo wake ilikuwa imeziba, na wangeshona mingine ya kupitisha damu kando.

Walimwingiza tieta saa mbili asubuhi. Kabla saa nne haijafika, daktari akatoka, kofia bado kichwani. Mama akaacha kuomba.

"Mshipa mkuu wa mzee umejaa chokaa," akasema. "Nimeushika, ni mgumu kama kigae."

Kwa kawaida, mshipa huo hubanwa ili moyo usimamishwe na mashine isukume damu. Wa Baba ukibanwa, vipande vingeweza kung'oka viende kwa ubongo. Kiharusi. Angeamka asitujue, au asiamke.

"Sasa?" nikauliza.

"Hatuubani. Tutatumia mishipa ya ndani ya kifua, ambayo tayari ina damu yake. Tutashona moyo ukiendelea kupiga."

Akarudi ndani. Nilikaa kwa benchi nikisoma kwa simu, maana sikujua kuomba kama Mama. Nikamkuta Vasilii Kolesov wa Leningrad, ambaye mwaka 1964 alishona mshipa wa kifua kwa mshipa wa moyo, moyo ukipiga, bila mashine. Miaka ilivyopita, mashine ikawa ndiyo kawaida. Na sasa mzee wangu alikuwa anategemea ile njia ya zamani.

Saa kumi tukaambiwa amemaliza. Jioni ya kesho yake akanifinya mkono, wa kulia, kisha wa kushoto. Nililia kwa korido kama mtoto.

Kitu ambacho hatukumwambia ni kwamba depoziti ya hospitali ilikuwa karo yangu ya mwaka wa tatu. Harambee haikutosha. Sikurudi kampasi. Siku hizi naandikia watu makala kwa mtandao, nikilipwa kwa maneno.

Wiki ya tatu, nyumbani, alikuwa amekumbatia mto kifuani ili akikohoa kidonda kisimuume.

"Mnafungua lini?"

"Bado, Baba. Kuna mgomo."

Akanitazama.

"Nimeendesha lori miaka 22. Mtu akinipitisha njia ndefu, najua."

Sikuwa na jibu. Kikohozi kikamjia, nikamsaidia kushika mto.