Kilio cha Nyamagana

Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo kuja kwetu Mwanza. Ilitengenezwa kubeba abiria 430. Safari ile ilijaa kupita kiasi, na inakadiriwa kuwa waliokufa walizidi 800. Idadi kamili haikupatikana kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa popote. Aliyepanda daraja la tatu, akawa hana ndugu wa kumngoja gatini, alizama na jina lake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikiishi Kirumba kwa shangazi yangu, dada wa baba. Yeye alikuwa muuza ndizi, na mikungu aliyoiuza ilitoka Kagera kwa meli. Rais Mkapa alitangaza maombolezo ya kitaifa ya siku tatu. Watu wazima walisimuliana kwa sauti ya chini jinsi meli ilivyopinduka ikaelea tumbo juu, waliokuwa ndani wakawa wanagonga bati, wenye nia njema wakalitoboa ili wawaokoe, hewa ikatoka na meli ikazama moja kwa moja. Walinyamaza sisi watoto tulipokaribia, lakini tulikuwa tumeshasikia. Hata sasa mtu akigonga geti la bati usiku, moyo wangu hushtuka.

Maiti walipelekwa Uwanja wa Nyamagana, katikati ya mji, ili ndugu waje kuwatambua. Shangazi hakuwa na ndugu yeyote ndani ya meli ile. Hata hivyo alijifunga kanga, akatia ndimu na marashi kwenye kikapu, akabeba dumu la maji, akaungana na wanawake wenzake wa sokoni. Mimi nilikwenda kumsaidia dumu. Alinizuia nisiingie ndani kabisa, nikabaki karibu na ukuta nikiangalia vikapu. Kutoka pale niliona na kusikia vya kunitosha.

Wanawake walikuwa wakipita safu kwa safu za maiti. Penye mtu aliyepiga magoti amemtambua wake, walimshika mabega, wakamnywesha maji, wakalia naye. Penye maiti asiye na mtu, walisimama wakamlilia vilevile. Si kilio cha kuonesha watu. Kilikuwa kile cha msibani, cha kumwita marehemu "mwanangu", "dada yangu", kwa sababu hawakuwa na jina la kumwita.

Mzee mmoja, nadhani alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakisaidia kubeba machela, alimwuliza shangazi kwa upole, "Mama, huyu ni wako?"

"Si wangu, baba."

"Sasa unalia nini hivyo? Utaumia bure."

"Wenye kumlilia hawajafika, na huenda wasifike. Hatuwezi kumzika mtu kavukavu hivi."

Mzee yule alivua kofia yake, akabaki ameishika. Kisha akasogea akasimama pamoja nao.

Kadiri siku zilivyokwenda, maji na joto vilizifuta sura, ikabidi watu watambuliwe kwa nguo. Hapo ndipo alipokuja mwanamume mmoja kutoka Bukoba. Alikuwa amezunguka kwa barabara, Biharamulo hadi Geita, akavuka kwa kivuko cha Busisi, miguu yake imejaa vumbi jekundu. Alipita safu zote akitikisa kichwa. Mwishowe akainama kwenye kanga ya mwanamke mmoja, akashika pindo lililofungwa pesa. Lilikuwa na mafundo mawili, moja juu ya jingine, yamekazwa mno. Alisema mkewe ndivyo alivyofunga siku zote, kwa kuwa aliwahi kudondosha nauli. Alijaribu kulifungua lile fundo, vidole vikamshinda, na machozi hayakumtoka. Alikuwa akitetemeka tu, macho makavu, kama mtu mwenye homa.

Shangazi alikaa chini kando yake akaanza kulia. Akamlilia yule mwanamke kama waliozaliwa tumbo moja, bila kumwambia yule bwana ajikaze. Ilichukua muda mrefu. Kisha mwanamume yule akalipuka kwa kilio ambacho sijasikia kingine kama hicho, na wanawake wakamzunguka, wakamtandikia kanga akae.

Tangu hapo siwezi kuvumilia ile kauli ya "jikaze, wewe ni mwanamume". Tunaisema haraka kwa sababu kilio cha mwenzetu kinatutisha, tunataka kiishe ili sisi tupumzike. Yule bwana angejikaza angerudi Bukoba na maiti wa mkewe na mzigo mwingine moyoni ambao hakuna gari lingeweza kuubeba. Pesa zetu za rambirambi tunazotuma kwa simu siku hizi zina kazi yake, zinanunua sanda na unga, nami huzituma. Lakini mfiwa anahitaji pia mtu wa kukaa naye sakafuni. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu 228, shangazi, magoti yamekwisha kumlegea, aliuliza nauli ya kwenda huko kabla hajauliza habari nyingine yoyote.

Wengi wa maiti wa MV Bukoba waliokosa wa kuwachukua walizikwa Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na kila Mei 21 watu hukusanyika pale kuwaombea. Mwaka uliofuata ajali, shangazi alikwenda na maua. Yule bwana wa Bukoba naye alikuwapo. Mkewe alikuwa amemzika kwao, lakini alisema alikuja kwa ajili ya hawa wasio na mtu, maana mkewe alikuwa amelala nao uwanja mmoja. Akamwona shangazi, akamwamkia kwa jina la "shemeji". Halikuwa neno la adabu tu. Watoto wake walipokuja kusoma Mwanza walifikia kwetu, na mpaka leo wanamwita mama mkubwa.