Upepo Unampiga Wapi?

Sisi tunaotumika Mafinga tunaujua upepo kwa miili yetu. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyelala hapa hata usiku mmoja. Usharika una mitaa, na mitaa iko mbali. Mchungaji, mwinjilisti, na mara nyingi hata mzee wa kanisa, hufika huko kwa pikipiki. Ukiwa ndani ya msitu wa Sao Hill, mipaina na milingoti inakukinga. Ukitokeza penye uwazi, upepo unakudaka ubavuni. Na kwenye barabara kuu ya kwenda Makambako, kila lori la mbao mnalopishana nalo hukusukuma kwanza, kisha hukuvuta.

Ndiyo maana vijana wetu wa bodaboda huvaa koti kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni. Wengine huweka kipande cha boksi kifuani chini ya koti. Mgeni akiwaona hucheka. Sisi hatucheki, kwa kuwa upepo wa pikipiki una hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Anayetoka kilometa 40 kwa saa kwenda 80 anapigwa mara nne ya mwanzo.

Mwinjilisti wa mmoja wa mitaa yetu ya mbali, upande wa Nyololo, alikuwa akiugua kifua kila msimu wa baridi. Wasamaria wema wakamnunulia kioo cha mbele, kile cha plastiki ngumu kinachofungwa kwenye usukani. Tukakiombea, tukamshukuru Mungu. Kifua kikapona. Lakini baada ya wiki chache akaanza kulalamikia kichwa. Alikuwa akifika mtaani masikio yakivuma na shingo imekaza, na njiani kofia ilitikisika hata barabara haioni vizuri. Siku moja mama mjane alimweleza jambo zito kwa sauti ya chini. Ikabidi amwombe arudie, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka yule mama akanyamaza. Jioni ile mwinjilisti akaja kwetu akasema, "Mchungaji, naomba nihamishwe. Mtaa ule umenishinda."

Jambo likaletwa kwenye baraza la wazee. Mmoja alisema kioo kimeshanunuliwa, kwa hiyo shida si upepo, ni moyo. Mwingine alisema mitume walitembea kwa miguu wala hawakuomba vioo. Tumwombee, Mungu atamlinda. Wa tatu alikumbusha fedha za paa. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye si msemaji sana barazani, akauliza, "Baba Mchungaji, kuna mtu amemuuliza upepo unampiga wapi?"

Akaitwa, akaulizwa. Akasema, "Kifuani haunipigi tena. Unanipiga hapa," akagusa paji la uso na masikio. "Tena hausukumi mfululizo. Ni kama mtu ananizaba makofi. Nikijiinua kwenye kiti unatulia. Nikiinama unatulia. Nikikaa sawasawa ndipo unaponipata."

Maneno hayo yalimtosha fundi. Alitufundisha jambo ambalo hatukulipata chuo cha theolojia: kioo hakiui upepo, kinaupeleka pengine. Upepo ukifika ukingoni mwa kioo hukatika, ukajikunja na kuzunguka kama maji nyuma ya jiwe mtoni, na mzunguko ule ndio unaomwangukia mpanda pikipiki usoni. Upepo ambao haujakatwa na kitu husukuma tu, na mwili huuzoea. Upepo uliovurugwa hupiga, huacha, hupiga tena, na shingo haipati kupumzika. Tena nyuma ya kioo msukumo wa hewa hupungua, na upungufu huo huuvuta mvurugo uingie ndani.

Hakutuambia tununue kioo kingine. Alianza na boksi na gundi ya karatasi. Alibandika kipande juu ya ukingo wa kioo, akaning'iniza nyuzi za kufumia ili aone upepo unakoelekea, akamwambia mwinjilisti aendeshe kisha arudi aseme. Kipande cha vidole viwili: afadhali kidogo. Vidole vinne, kikiwa kimelazwa kidogo kuelekea nyuma: afadhali sana. Alipoongeza zaidi, upepo wa ubavuni ulianza kuyumbisha usukani, akapunguza. Kisha akakipandisha kioo chenyewe kidogo, akaacha nafasi kati yake na taa ili upepo mchache upite chini na kujaza ule upungufu wa nyuma. Sharti lake moja halikubadilika: macho yaone juu ya ukingo, yasione kupitia kwenye plastiki, kwa sababu ya matope, mvua na taa za malori usiku. Kipimo kilipojulikana ndipo alipokata plastiki, akalainisha kingo kwa msasa, akaifunga kwa bolti zenye vipande vya mpira isije ikapasuka kwa mtikisiko.

Hatusemi upepo ulikwisha. Mwinjilisti bado hufika amechoka, lakini anafika anasikia. Hakuhama. Alirudi kwa yule mama mjane, akaketi, na safari hii mama alimaliza maneno yake.

Wapo wanaodhani kwamba kumtengenezea mtumishi kioo ni kupungukiwa imani. Torati haifikiri hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu angeweza kuahidi malaika kwa kila dari. Aliagiza ukuta. Na Ibilisi alipomtaka Bwana Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wapo, Bwana alikataa kumjaribu Mungu.

Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, Martin Luther alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa. Katika siku hizo aliandika kumjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyetaka kujua kama Mkristo anaweza kuikimbia tauni. Luther alishika mambo mawili kwa pamoja. Aliyepewa kundi asilitupe saa ya hatari. Na tena atumie dawa, asafishe nyumba, asiende mahali pasipomhitaji. Kwa maana anayezidharau kinga hizo anamjaribu Mungu. Wazee waliosema mwinjilisti asiache mtaa wake walishika jambo la kwanza. Yule mama alitushikisha la pili.

Liko na neno la kutuhusu sote, hata asiyepanda pikipiki. Msaada unaweza kuhamisha pigo bila kuliondoa. Tunampelekea mjane unga, kisha tunalitaja jina lake mbele ya usharika mzima. Njaa imetoka, aibu imeingia. Tunampa mwinjilisti nyumba, na kwa kuwa sasa ana nyumba tunamwongezea mtaa wa tatu. Tunamlea yatima, na kila siku tunamkumbusha kwamba tunamlea. Kifua kimepona, kichwa kinapigwa, nasi katika vitabu vyetu tumeandika kwamba jambo lile limekwisha. Sharti mtu arudi aulize upepo sasa unapiga wapi. Na anayeulizwa aaminiwe, maana ndiye aliyeketi kwenye kiti.

Nabii Isaya, katika sura ya 32, anaziona siku ambazo mtu atakuwa kwa wenzake kama mahali pa kujificha na upepo. Sisi tunamtambua Kristo katika neno hilo, kwa kuwa alisimama mbele yetu na pigo likamwangukia yeye. Lakini nabii alisema mtu, naye Kristo anatuita tusimame hivyohivyo mbele ya wenzetu, kila mmoja kwa kipimo chake.

Basi, wapendwa, Jumapili mwinjilisti wa mtaa wa mbali akifika usharikani, mpeni kwanza kikombe cha chai ya moto kabla ya kumpa taarifa na ratiba. Na wale vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria nje ya lango la kanisa, wenye makoti yaliyogeuzwa, ni watoto wetu. Wasalimieni. Waulizeni.