Jina Lako Liko Wapi, Mshikaji?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimechacha kidogo, lakini nikasema potelea mbali, lazima nikapunge upepo. Nikadandia gari la Bagamoyo pale Makumbusho. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, magoti yamebanwa, konda anapiga kelele "sogea nyuma!" Kama kilomita 70 hivi, tumefika.

Wengi Bagamoyo tunaijua kwa magofu ya Kaole na habari za watumwa. Mimi miguu ilinipeleka Mtaa wa India, kwenye majumba ya kale, nikamkuta kijana barazani anachora. Twiga, tembo, ndege wa shingo ndefu, rangi zinawaka kweli kweli. Ndizo zile tunazoziita tingatinga.

Sasa sikiliza. Tingatinga hapa si lile la kuchimba barabara. Ni mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932. Alitoka kwao kusaka maisha, akapiga kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar, akawa mtunza bustani. Chuo cha uchoraji hakukiona. Mwaka 1968 ndipo akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ile ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, wazungu wakazipenda. Akawafundisha ndugu na jamaa. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa.

Hesabu mwenyewe, miaka minne tu! Wengine tumemaliza Fomu Foo, miaka minne imekatika tunasubiri kuitwa kwenye usaili.

Wanafunzi wake hawakulala. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na mpaka leo mtindo huo unalisha watu wengi, kuanzia Dar mpaka Zanzibar.

Nikachagua picha ya kuku wawili. Nikaigeuza huku na huku, jina la mchoraji hakuna.

"Jina lako liko wapi, mshikaji?"

Akacheka. "Kaka, nikiandika, wenye maduka hawachukui. Mteja anataka Tingatinga, mimi hanitaki."

Nikamwambia marehemu mwenyewe alikuwa akiandika jina lake kwenye picha zake, ndiyo maana leo tunamjua. Angeona haya kwa kuwa ni mtunza bustani, nani angemkumbuka? Kijana akanyamaza, akawa anachezea brashi.

Nikatoa mshiko wangu wote, nikabakiza nauli tu. Nikampa sharti moja, aandike jina. Akasitasita, akaangalia kama kuna mtu anamwona, kisha akaandika kwa rangi nyeusi chini ya miguu ya kuku, herufi ndogo kama sisimizi.

Nimeitundika chumbani kwangu. Jina silitaji hapa, maana yeye bado anauza madukani. Lakini lipo, na rangi imeshakauka.

Haya, tukutane wiki ijayo.