Jenerali Mathenge na Guka Wangu

Shosho hakuwahi kujiita mjane. Kanisani kwao kulikuwa na kikundi cha akina mama wajane. Walichanga pesa kila mwezi, wakanunuliana blanketi na sufuria, na kila mwaka mpya walimwalika ajiunge. Kila mwaka aliwajibu vilevile: "Mimi bwana yangu alisafiri."

Alisafiri mwaka wa 1955. Mimi nilizaliwa 1993. Nilipoanza kuelewa mazungumzo ya watu wazima, safari ya Guka ilikuwa imefika miaka 45 hivi, na hakuna mtu pale nyumbani aliyethubutu kucheka.

Siwezi kueleza habari za Guka bila kupitia kwa Jenerali Stanley Mathenge, kwa sababu Shosho mwenyewe alipita hapo. Kama ulisoma historia kwa kitabu cha shule kama mimi, unamjua Dedan Kimathi na labda Jenerali China. Mathenge hutajwa kwa sentensi moja, halafu mwalimu anafungua ukurasa mwingine. Lakini kwa wazee wa Nyeri, Mathenge alikuwa mkubwa. Alikuwa amepigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa KAR huko Burma, akarudi nyumbani akijua bunduki na msitu kuliko wengi waliomfuata baadaye. Vijana walipoanza kuingia Nyandarua, yeye ndiye aliyewafundisha kulala bila moto na kutembea bila kuacha alama.

Alichokosa Mathenge ni shule. Kimathi alikuwa na kalamu. Aliandika barua, aliweka kumbukumbu za mikutano, alikuwa na makarani msituni, mmoja wao mwalimu kabisa. Mathenge hakujua kusoma, na wafuasi wake wengi hawakujua pia. Mwanzoni mwa 1955 baadhi ya viongozi walianza kuzungumza na Waingereza kuhusu kusalimu amri, Mathenge akiwa miongoni mwao. Kimathi aliona huo ni usaliti, akawakamata wenzake. Wakatoroka. Kuanzia hapo msitu uligawanyika mara mbili: upande wa Kimathi ulikuwa Kenya Parliament, upande wa Mathenge ukajiita Kenya Riigi. Riigi ni ule mlango wa zamani wa nyumba ya Mkikuyu, wa fito zilizosukwa. Hebu fikiria. Mmoja anachukua jina kutoka London, mwingine anachukua mlango wa nyumba ya mama yake.

Mwaka huohuo Mathenge akatoweka na kikundi cha wapiganaji wake. Hapo ndipo maneno yanapoanza, na hayajaisha hadi leo. Wako wanaosema aliuawa na Waingereza na maiti ikafichwa. Wako wanaosema aliuawa na Waafrika wenzake, ama wale waliosalimu amri na kurudishwa msituni kuwawinda ndugu zao, ama watu wa upande ule mwingine. Wengine wanasema njaa. Na wako wanaosema alitembea kuelekea kaskazini hadi Ethiopia kwa Haile Selassie, kutafuta silaha na msaada, na huko akabaki.

Shosho alikuwa wa kundi la mwisho. Sababu yake ilikuwa moja. Kijana aliyekuwa akipeleka chakula msituni alimwambia usiku mmoja, kupitia ukuta wa matope, kwamba watu wa Mathenge wameenda kaskazini na mume wake yumo. Basi. Hilo ndilo neno la mwisho alilopata. Baba yangu alikuwa na miaka mitatu.

Nilikuwa na miaka kumi Mathenge aliporudi.

Kama ulikuwepo 2003 unakumbuka hewa ya mwaka ule. Narc walikuwa wameingia miezi michache nyuma, kila mtu aliamini kila kitu kinawezekana. Mwisho wa Mei, kabla tu ya Madaraka Dei ya 40, serikali ikamleta Nairobi mzee mmoja kutoka Ethiopia. Jina lake Lemma Ayanu. Tukaambiwa huyu ndiye Mathenge, amepatikana. Wazee waliopigana msituni walimpokea kwa nyimbo kama shujaa wa taifa.

Tulikuwa Nyeri, shule zimekatika katikati ya muhula ama nilikuwa mgonjwa, sikumbuki vizuri. Tulikuwa na televisheni nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari. Shosho alivuta kigoda hadi karibu kabisa na kioo. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Huyo ni mkulima. Angalia mikono."

Baba akamwambia, "Hata Mathenge angekuwa mkulima saa hii."

"Nimesema ni mkulima, sijasema si Mathenge."

Usiku huo alitoa gauni lake la kanisani, akalikunja ndani ya kiondo pamoja na leso na karatasi ya viazi vitamu vilivyochemshwa. Alitaka kupelekwa Nairobi. Hakutaka kumsalimia jenerali, alitaka kumuuliza swali moja tu: mlienda na fulani mwana wa fulani, mlimwacha wapi? Baba akasema wataenda Jumamosi. Jumamosi ikawa Jumatano, halafu ikawa mwisho wa mwezi, nauli haijapatikana. Sasa hivi najua nauli ilikuwepo. Baba aliogopa. Fikiria umefika miaka 51 bila kujua kama una baba, halafu mama yako anakuambia twende tukaulize.

Kiondo kilikaa nyuma ya mlango. Viazi vikaliwa, vingine vikachemshwa, vikaliwa.

Habari zikaanza kugeuka. Yule mzee hakuzungumza Kikuyu. Alikuwa akisema kupitia mkalimani kwamba yeye ni Mwethiopia, na watu wakawa wanasema eti amesahau, eti anaficha, eti miaka ni mingi. Mimi nikiwa mtoto niliamini kabisa kwamba mtu anaweza kusahau lugha ya mama yake. Kisha vipimo vya DNA vikafanywa na majibu yakatoka: hahusiani na Mathenge hata kidogo. Serikali ikaaibika, magazeti yakacheka, mzee akarudi kwake.

Watu wazima pale nyumbani walimwangalia Shosho kama mtu aliyefiwa. Yeye akatoa gauni kwenye kiondo akalitundika. "Mzee wa watu," akasema. "Ametolewa shambani kwake, ameimbiwa nyimbo asizozijua. Wamrudishe salama." Halafu akaongeza neno ambalo Baba hulirudia mpaka leo: "Wamejua yule si Mathenge. Hawajajua Mathenge yuko wapi."

Na ni kweli, mpaka leo ndiko tuliko. Kimathi tunajua alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, ingawa familia yake haijaonyeshwa kaburi. Kimathi ana tarehe, hana kaburi. Mathenge hana kaburi wala tarehe. Nafikiri ndiyo maana watu walitaka sana yule mkulima awe yeye. Mwaka uleule serikali ilikuwa ikiondoa marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na Waingereza tangu 1950. Yaani miaka 40 ya Uhuru na hao watu bado walikuwa haramu kisheria! Mtu akikukosea hivyo halafu akuletee zawadi, utapenda sana zawadi iwe ya kweli.

Miaka michache iliyopita kazi ilinipeleka Moyale. Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi, kukapambazuka tukiwa tumeshapita Isiolo. Merille, Laisamis, halafu Marsabit yenye miti na ukungu kama Nyeri, nikaona afadhali. Lakini baada ya Marsabit kuna sehemu inaitwa Dida Galgalu. Mawe meusi hadi mwisho wa macho, hakuna mti, hakuna kivuli cha kumtosha mbuzi. Lami ni nzuri siku hizi, basi linateleza tu, na bado ilituchukua muda mrefu kutoka humo. Nilianza kuhesabu. Mtu wa milimani, aliyezoea maji kila bonde, amevaa ngozi na koti la mvua lililochakaa, anatembea usiku kwa sababu mchana kuna ndege. Hajui Kiborana, hajui Kirendile. Kutoka Nyandarua hadi mpaka ni zaidi ya kilomita 500.

Niliamua ndani ya lile basi kwamba Guka hakufika. Sikumwambia mtu. Jirani yangu wa kiti, mama wa Sololo, aliniuliza mbona nalia, nikamwambia ni vumbi. Kwenye basi lenye vioo vimefungwa.

Shosho alifariki 2017. Mimi ndiye wa kompyuta katika familia, kwa hivyo kijitabu cha mazishi niliandika mimi. Nikaandika kama wanavyoandika watu wote: mke wa marehemu fulani. Baba alisoma rasimu kwa miwani yake, akachukua kalamu, akakata neno moja. "Nani amekuambia ni marehemu?"

"Baba, ni miaka 62."

"Nimekuuliza ni nani amekuambia."

Tukachapisha bila hilo neno. Pasta aliposoma alisita kidogo, akaendelea.

Sasa nifike kwenye shamba, kwa sababu mwishowe kila hadithi ya Mau Mau hufika kwenye shamba. Guka akiwa msituni, serikali ya ukoloni ilikusanya vipande vya ardhi kule kwetu na kuandikisha upya. Mtu aliyekuwa msituni hakuwepo kusema hiki ni changu. Kaka yake alikuwa homgadi, na vipande vya Guka viliandikwa kwa jina lake. Nilikulia nikidhani huyo kaka ni adui. Lakini ndiye aliyempa Shosho mahali pa kulima walipotolewa kwenye kile kijiji cha dharura chenye handaki na miiba, na ndiye aliyemlipia Baba karo hadi darasa la nane. Hakuwahi kumwambia Shosho "hii ni yangu", na pia hakuwahi kwenda kubadilisha jina. Alikuwa akisema, "Ndugu yangu akirudi tutagawana."

Wajukuu wake sasa wanagawana. Ni watu wazuri, nasema kweli. Binamu yangu mkubwa alinipigia simu akanieleza kwa upole: sehemu ya Guka wako tunaijua, tutampa baba yako. Ila wakili anasema hatuwezi kuwapa warithi wa mtu aliye hai. Leteni cheti cha kifo.

Nikasoma sheria kwa simu nikiwa kwenye matatu ya Githurai. Mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, mahakama inaweza kuchukulia kwamba amekufa. Saba! Kwa hesabu hiyo Guka angekufa kisheria 1962, kabla hata bendera haijapandishwa. Nilimfikiria Shosho. Yeye angeuliza swali lake la kila siku: hajasikika vipi, na ni mtu asiyejua kuandika? Asiyejua kuandika atatuma barua gani? Kimya chake si ushahidi. Angekuwa wakili mzuri sana.

Nilitarajia vita na Baba. Nilipanga maneno wiki nzima, nikasafiri kwenda nyumbani, nikamkuta ameketi nje akimenya maharagwe. Nikaeleza. Akamenya, akamenya. Kisha akasema ana miaka 72 na hataki kuniachia mimi kusubiri.

Mwezi uliofuata tulikuwa mjini Nyeri kwa wakili, kijana wa rika langu mwenye feni inayopiga kelele. Ilibidi Baba aape hati ya kiapo. Kiapo. Mzee aliyelelewa na mwanamke ambaye mume wake aliingia msituni kwa kiapo. Nilimtazama kama ameona, sikuweza kujua.

Wakili akauliza, "Mara ya mwisho kumwona baba yako ilikuwa lini?"

Nilidhani atasema hakumbuki. Alikuwa na miaka mitatu. Lakini Baba alisema, polepole, kwamba anakumbuka koti. Koti lenye harufu ya moshi, na yeye yuko ndani yake, na mtu anamshikilia kwa nguvu mno hadi inauma, na mama yake anasema kwa sauti ya chini, inatosha, nenda. Sijawahi kusikia hiyo. Miaka yote hii sijawahi kuisikia.

Wakili aliandika: takriban 1955.

Akageuza karatasi, akaonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Baba alishika kalamu, akainua uso.

"Na akirudi?"

Wakili alitabasamu, akidhani ni utani. Akanitazama. Mimi sikutabasamu. Akakohoa, akanyoosha tai.

"Akirudi, Mzee, tunarudi kortini. Cheti kinafutwa."

"Kinafutwa kabisa?"

"Kabisa."

"Sawa," Baba akasema, akatia sahihi.