Wahaya Wasio na Majina

Labda hujapata kusikia habari za sinema iitwayo "Mogambo". Ilitolewa Marekani mwaka 1953, na mwongozaji wake, John Ford, alikuja kuipiga huku kwetu: Kenya, Uganda, Kongo, hata Tanganyika. Wakati ule ilivuma sana, na mpaka leo wapenda sinema za zamani huitazama.

Habari yenyewe ni ya mapenzi yaliyopita kiasi. Mwindaji mmoja, aliyechezwa na Clark Gable, anapendwa na wanawake wawili. Mmoja wao, Grace Kelly, ni mke wa mtu, na mapenzi yamemshika hata akili haimtulii. Yumo na padre, ambaye yule mwanamke mwingine, Ava Gardner, anamwendea aungame. Mwisho wake sikusimulii.

Ninalotaka ulitazame ni orodha ya wachezaji. Wazungu wametajwa mmoja mmoja. Halafu yanakuja makabila manne kwa mkupuo: Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo, Wambeti wa nchi za Wafaransa, na Wahaya wa Tanganyika.

Wahaya! Hawa si watu wa mbali. Ukipanda meli Mwanza jioni, asubuhi unaamkia kwao Bukoba.

Kazi yangu mimi ni kuandika vitabu vya parokia. Mtoto akiletwa kubatizwa, naandika jina lake, la baba, la mama, la msimamizi, na kijiji chao. Nikiandika "Msukuma mmoja" nikafunga kitabu, Paroko atanirudishia siku ile ile. Basi waliopiga makasia, waliobeba mizigo, walioimba, hao waliandikwa hivyo hivyo: Mhaya mmoja, Msamburu mmoja. Na kuimba kwao hakukuwa jambo dogo. Sinema ile haikutungiwa muziki wa Kizungu kama desturi. Nyimbo na ngoma za Waafrika ndizo zilizotumika.

Kweli, wengine wa siku zile hawakutaja hata kabila. Hilo nalikubali. Lakini sikiliza hili: hadithi yenyewe ilikwisha kuchezwa mwaka 1932, kwa jina "Red Dust", na mwanamume ni Gable yule yule. Mahali palikuwa shamba la mpira huko Indochina. Wakawaondoa watu wa Asia, wakatuweka sisi, na mapenzi ya Wazungu hayakupungukiwa na kitu. Tulikuwa kama pazia lililobadilishwa rangi.

Hata jina ni hivyo. Ilisemwa kwamba "mogambo" ni Kiswahili, maana yake mapenzi makali. Kiswahili cha nani? Sisi tunao mgambo, mbiu ya kuwaita watu.

Walianza kupiga picha mwishoni mwa mwaka 1952, Kenya ikiwa imetangaziwa hali ya hatari mwezi wa Oktoba. Ndani ya sinema Wasamburu wanatokea na mikuki, wanatisha. Anayeitazama haambiwi habari za mashamba yaliyochukuliwa.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 90. Ikiwa katika ukoo wenu, upande wa Kagera, yuko mzee anayewakumbuka Wazungu waliokuja na mashine za picha, mwulize ni nani na nani walisimama mbele yake, uwaandike katika daftari, jina na jina la baba.